Mia kwa Mia ya Bwana Kitambaa

Jumapili, 7 Juni

Diski ya jirani yangu, Bwana Kitambaa, ina afya ya asilimia mia moja. Yangu ina tisini na tatu. Aliyetangaza ni yeye mwenyewe, ngazini, mbele ya mke wangu na muuza mayai. Mke wangu alimpa hongera. Muuza mayai aliuliza mgonjwa ni nani.

Kosa ni langu. Programu ya kupimia afya ya diski nilimpelekea mimi, jana, nikiwa na uhakika kwamba yake itakuwa mbaya kuliko yangu. Kompyuta zetu ni mapacha. Tulizinunua wiki moja, duka moja, na muuzaji alizishusha kwenye rafu moja tukiwa tunaangalia. Zote za mezani. Zote zina diski ya SSD, ile ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka ndani. Haipigi kelele. Inachakaa kimya kimya. Kila unapoandika kitu juu yake unapunguza kidogo umri wake. Hilo nililisoma mwezi uliopita na tangu hapo sili vizuri.

Tofauti ni matumizi. Yangu inatumiwa na mke wangu, mshonaji, ambaye huchora humo mishono yake yote na kuweka vipimo vya wateja. Ya Bwana Kitambaa haitumiwi na mtu. Ameifunika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye vishada pembeni, na juu ya kitambaa ameweka saa ya mezani. Ndiyo maana namwita hivyo, humu ndani ya shajara tu. Ni mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake yote aliingia katika maduka ya watu kuwaambia kilo yao haijatimia. Mpaka leo hawezi kuacha.

Alinipigapiga begani. Akasema pole sana mwandishi, tisini na tatu si haba kwa mtu wa rika lako.

Uamuzi: nitafika mia kabla ya mwezi kwisha. Sijui njia. Njia itapatikana.

Jumatatu, 8 Juni

Tisini na mbili. Chanzo: programu yenyewe, asubuhi hii. Nilipima mara tatu, kwa kile kipimo kirefu kinachoijaza diski mafaili ya majaribio halafu kuyafuta. Napima hivyo kila siku kabla ya chai. Mtu aliyeandika habari za baraza la mji miaka ishirini na sita haandiki namba bila kuihakiki.

Mtuhumiwa ni mmoja. Mke wangu amepata nafasi ambayo hajawahi kuipata: hospitali inataka sare mpya za wauguzi. Michoro pamoja na gauni moja la mfano vinatakiwa mezani kwa muuguzi mkuu Ijumaa kabla ya saa sita. Wakimchagua, ataacha kushonea sebuleni na kupanga chumba cha duka chenye mlango unaotazama barabara. Chumba amekwishakichagua. Hupita njia hiyo hata akiwa hana safari upande huo.

Naelewa umuhimu. Lakini nilimtazama akifanya kazi. Anachora mstari, anahifadhi. Anachora kola, anahifadhi. Anapiga chafya, anahifadhi.

Nilimweleza kwa upole. Nilipendekeza ahifadhi mara moja kwa siku, jioni, vitu vyote kwa mkupuo. Aliniuliza kama sijisikii vizuri. Nikasema anayeumwa ni diski. Akasema yeye ameuliza habari zangu. Akahifadhi tena, huku akinitazama usoni.

Alipokwenda jikoni nilibandika plasta ya kidonda juu ya herufi S, maana kwa herufi hiyo ndiyo huhifadhi. Plasta nzuri, ya kitambaa, haing'oki kirahisi. Aliporudi alidhani nimejikata na kuiacha hapo kwa uzembe. Aliendelea kuchora, akisema ataing'oa akimaliza mkono wa kushoto.

Saa tisa umeme ulikatika, kwa muda wa kupiga mwayo. Ulirudi. Kola haikurudi. Wala mifuko miwili, wala mkono wa kushoto.

Hakupaza sauti. Aling'oa plasta, akainua miwani yangu kutoka mezani, akaibandika kwenye kioo cha jicho la kulia. Kisha akavuta kiti na kuanza upya. Chakula nilijipakulia.

Jumanne, 9 Juni

Kiwanda kimetoa fimwea mpya. Chanzo: tovuti ya kiwanda, nikathibitishiwa na fundi wa kompyuta aliyeko chini ya ngazi. Fimwea ni programu ndogo inayokaa ndani ya diski yenyewe na kuiamrisha ifanye kazi vipi. Ya zamani inatolewa, mpya inaingia. Kiwanda kinasema toleo hili linarekebisha usomaji wa afya ya diski.

Linarekebisha. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Katika miaka yangu yote pale barazani madiwani walirekebisha posho zao mara nyingi, na hazikuwahi kushuka hata siku moja.

Fundi anajiita Daktari. Jina amejipa mwenyewe na ameliandika ukutani kwa rangi nyekundu. Aliniambia kuna mambo mawili. La kwanza, nakili vitu vyako vyote mahali pengine kabla hujagusa chochote. La pili, umeme usikatike katikati ya kazi. Ukikatika, diski inasahau hata jina lake. Alilisema hilo kwa hamu, kama mtu anayesimulia mapishi. Akanionyesha kigoda kando ya meza yake. Akasema watu wazima wamelia juu ya kigoda hicho, mzee wangu, watu wenye ndevu. Nilibaki nimesimama.

Swali likawa ninakili wapi. Daktari yuko tayari kuniuzia diski nyingine. Nilimwambia nitafikiria, na kweli nilifikiria. Nilipofika katikati ya ngazi likanijia wazo zuri hadi nikashika reli.

Diski ya Bwana Kitambaa ni tupu. Ni kubwa. Na kila kitakachoandikwa juu yake kitaichakaza. Nikiweka nakala kwake, mimi napata akiba na yeye anashuka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilipata wazo linalofanya kazi mbili.

Jioni nilibisha hodi kwake. Nikasema nataka kuhifadhi kazi ya mke wangu mahali salama, na kwamba nimetafakari, nikaona kwake ni salama kuliko benki. Alinyoosha kola yake. Akasema, mwandishi, leo umesema jambo la maana. Aliondoa saa, akaondoa kitambaa, akakikunja mara nne na kumpa mkewe akishike kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyelala.

Tulikubaliana kesho. Mke wangu amemaliza kuchora upya. Nilimwambia nampelekea jirani nakala. Alisema hilo ndilo jambo la kwanza la akili nililofanya wiki hii. Sikumsahihisha.

Jumatano, 10 Juni

Nakala imekamilika. Chanzo: mimi. Kusema kweli zimekamilika tano.

Nilivuka ukumbi na flashi mfukoni. Mara ya kwanza Bwana Kitambaa alikaa kando yangu, akanisimulia habari za muuza nyama aliyebandika sumaku chini ya sahani ya mizani. Habari ni ndefu. Muuza nyama anakamatwa mwishoni. Kisha akaenda kutengeneza chai, na hapo ndipo nilipopata nafasi, kwa sababu yule bwana hapiki chai kama watu wengine. Majani huyapima kwa mizani ndogo ya shaba, chembe kwa chembe, akiwa amejiinamia. Akizidisha anarudisha.

Wakati anapima majani nilifuta nakala na kunakili upya. Alipopima sukari nikafuta, nikanakili. Mkewe alipita na kuniuliza mbona nahema. Nikasema ni kazi ya kutumia akili.

Nilikuwa nimekwishaandika ya tano, kidole kiko juu ya kitufe niifute niandike ya sita, chai ikaja. Nikaiacha hapo. Ya sita ingekuwa bora. Nilipima kwa siri alipogeuka kuchukua kijiko: bado mia. Diski sugu, kama mwenyewe.

Saa mbili usiku alibisha mlango. Hakuingia. Kitambaa kilikuwa begani kwake. Alisema tisini na tisa. Alisema hivyo tu, halafu akasimama, kama alivyokuwa akisimama mbele ya kaunta za watu.

Nikasema labda ni unyevunyevu.

Alisema, jirani, kuna kitu umeniletea ndani. Kesho saa nne, nikimaliza kifungua kinywa, nafuta kila kitu chako, diski inasafika, inarudi mia. Nikasema hewala, fanya hivyo. Najua kwamba kufuta hakurudishi kitu. Sikuona sababu ya kumkatiza mtu anayeongea. Nakala naitakia nini, wakati asili ninayo?

Mke wangu aliuliza kutoka kwenye cherehani ni nani huyo na anataka nini. Nikasema ni jirani, anazungumzia hali ya hewa.

Alhamisi, 11 Juni

Diski imekufa. Chanzo: kioo cha kompyuta, chenye mstari mmoja tu wa maandishi meupe unaosema hakuna diski iliyoonekana.

Naandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Gauni la mfano lilikwisha jana. Leo mke wangu alipanga kulinyoosha, kisha aipitie michoro mara ya mwisho na kuichapisha. Nilimwomba asipige pasi wakati nasasisha fimwea. Pasi yetu inavuta umeme sana. Ikiwashwa, taa hufifia. Alisema muuguzi mkuu hapokei gauni lililokunjamana kwa sababu ya mume wa mtu. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipochukua tahadhari. Nataka ieleweke kwamba ilikuwa tahadhari. Ukumbini kuna boksi la swichi za umeme, na kila swichi ina kibandiko nilichoandika mimi mwaka tulipohamia, kwa herufi kubwa. Fimwea ilipofika katikati nilikwenda kimya kimya nikashusha swichi iliyoandikwa PASI, ili hata akijaribu asiweze.

Sebuleni nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyemeza kitu. Ilikuwa feni ya kompyuta ikisimama.

Chumbani nilisikia pasi. Ilikuwa inatoa mvuke vizuri kabisa.

Niliinua swichi. Nikawasha kompyuta. Ndipo nikaona mstari ule mweupe.

Mke wangu alitoka akiwa ameninginiza gauni kwenye hanga, limenyooka kama karatasi, akaniambia nisogee achapishe. Nikasema diski inapumzika. Akauliza itaamka saa ngapi. Nilikuwa bado natafuta jibu alipoinama akasoma mwenyewe kilichoandikwa kwenye kioo.

Alikaa chini, sakafuni, kando ya cherehani. Gauni likawa mapajani mwake na akalikunja bila kujua. Aliuliza: na vipimo vya watu? Nikasema na vyenyewe. Akauliza: vya wote? Alianza kuwataja wateja wake, mmoja mmoja, kwa mabega yao. Yule wa bega lililoshuka. Yule anayetaka kiuno kisiguswe. Kisha akainua kichwa na kusema, si ulipeleka nakala kwa jirani?

Nilitazama saa ya ukutani. Nilivuka ukumbi na ndara moja.

Bwana Kitambaa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, miwani puani. Mafaili yote ya mke wangu yalikuwa yameteuliwa, yamegeuka rangi ya buluu, na kidole chake kilikuwa kinashuka. Nikasema subiri. Akasema saa nne ni saa nne. Nikamwambia yangu imekufa. Kidole kikasimama hewani.

Alisema ngoja nielewe. Uliniletea hivi vitu nivilinde. Halafu ukaenda kuua vile ulivyobaki navyo. Nikasema ndiyo, kwa ufupi. Akasema sawa, hilo tumelimaliza. Sasa nieleze tisini na tisa inatoka wapi, kwa maana faili moja la mishono haliwezi kuishusha diski nzima. Mkewe alikuwa amesimama na birika. Nikasema mambo ya teknolojia ni mapana.

Mke wangu alikuwa amefika nyuma yangu. Alisema, kaka, usijisumbue kumhoji. Alikuwa anaichosha makusudi. Mimi namjua.

Bwana Kitambaa alinitazama kama aliyekuta sumaku chini ya sahani.

Mke wangu hakungoja aseme kitu. Akasema, kaka, kesho kabla ya saa sita natakiwa hospitali, na maisha yangu yote yamo ndani ya hiyo kompyuta yako. Naomba nikae.

Bwana Kitambaa alisimama. Akamvutia kiti. Saa ya mezani aliihamishia dirishani mwenyewe, kwa mikono yake. Kisha akanigeukia. Akasema, mama hana deni na mimi. Wewe Jumapili utasimama ngazini, mbele ya muuza mayai, na utasoma namba zote mbili kwa sauti. Nikakubali. Akanifungulia mlango wa kutokea.

Ijumaa, 12 Juni

Michoro na gauni vimepokelewa saa tano asubuhi. Chanzo: mke wangu, kwa simu kutoka hospitali. Majibu ni wiki ijayo.

Jana alifanya kazi kwa Bwana Kitambaa hadi jioni. Mimi sikualikwa; chai yangu ililetwa mlangoni. Kwa hiyo yafuatayo nimeyapata kwa mke wa jirani, ambaye namwamini. Mke wangu alikuwa anahifadhi kila baada ya mstari na Bwana Kitambaa hakusema neno. Mwanzoni alikuwa akifumba macho. Baada ya chakula cha mchana alianza kuuliza kwa nini mfuko umekaa mshazari. Karatasi zilipotoka kwenye printa, ambayo ilikuwa bado imevaa nailoni ya dukani, alizipima kwa rula yake ya chuma. Akakuta mkono wa kulia umepungua kuliko wa kushoto. Ilikuwa kweli. Huo wa kushoto ndio mke wangu aliouchora upya kwa hasira siku ya plasta. Walirekebisha, wakachapisha tena, na gauni likapigwa pasi upya, kwa pasi ya jirani.

Asubuhi niliibeba kompyuta hadi kwa Daktari. Nilikaa kwenye kigoda. Ni kifupi kuliko kinavyoonekana.

Alifungua, akatazama, akaniuliza huwa naipima mara ngapi. Nikamwambia kila asubuhi, kwa kipimo kirefu, wakati mwingine mara tatu. Aliweka bisibisi chini. Akamwita kinyozi wa mlango wa pili aje asikilize. Akasema rudia mzee, taratibu. Nikarudia. Kinyozi alikuja na mteja wake, ambaye alikuwa amenyolewa upande mmoja, na huyo naye akaomba nirudie maana hakusikia mwanzo.

Daktari anadai kwamba michoro ya mke wangu ya mwaka mzima haiichakazi diski kama ninavyoichakaza mimi kabla ya chai. Sijapata chanzo cha pili kinachothibitisha hilo. Kinyozi alisema anathibitisha, lakini yeye ni kinyozi.

Habari njema: diski haikuwa imekufa. Ilikuwa imekwama kati ya fimwea mbili, haijui ifuate ipi. Daktari alianza kazi upya kwa kifaa chake, akaimaliza, nayo ikaamka. Michoro ipo. Vipimo vipo. Hata mafaili ya baraza la mji yapo, ingawa hakuna aliyeuliza.

Kisha akapima. Themanini na nne.

Nikasema hapana, hiyo ilikuwa ipande. Akanieleza kwamba fimwea ya zamani ilikuwa inanibembeleza, hii mpya inasema kweli. Hiyo ndiyo maana ya kurekebisha usomaji. Nilimuuliza kama anaweza kunirudishia ya zamani. Mteja wa kinyozi alitoka nje kucheka.

Jumapili, 14 Juni

Tamko limetolewa ngazini. Nilisoma: diski ya jirani, tisini na tisa, diski yangu, themanini na nne. Muuza mayai alisikiliza hadi mwisho. Akasema tumshukuru Mungu, naona mgonjwa wenu anakula.

Nilitegemea Bwana Kitambaa anicheke. Hakucheka. Alisema maadamu imekwishagusika haina haja ya kufunikwa, na kitambaa amekirudisha kabatini. Ameanza kuandika habari za wauza duka wote aliowakamata. Amefika kwa muuza nyama mwenye sumaku. Alimwomba mke wangu amfundishe kuhifadhi, na sasa kila akimaliza sentensi anahifadhi. Nimemsikia kupitia ukuta.

Nilikaa na penseli nikapiga hesabu. Akiendelea kwa kasi hiyo atafika themanini na nne tukiwa wote tumeshazikwa. Haifai.

Jumatatu, 15 Juni

Hospitali imempa mke wangu kazi. Chanzo: muuguzi mkuu, kwa simu. Mke wangu alisema asante mara nyingi mno, akakata simu, akakaa, akasimama, akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kisha alinitangazia masharti. Duka litakuwa na kompyuta yake mwenyewe. Mlango utakuwa na ufunguo mmoja, na anayeushika ni yeye. Nakala ya kazi zake ameiweka kwenye flashi ambayo hataniambia iko wapi. Chanzo kimoja kinadai iko ndani ya kopo la vifungo. Sijathibitisha. Kopo limefungwa kwa gundi.

Nimempongeza kwa dhati. Nimeibeba hata cherehani hadi mlangoni, kwa mazoezi.

Habari nyingine. Kiwanda kimetoa fimwea nyingine leo asubuhi. Kinasema toleo hili linaboresha usahihi wa usomaji. Kwa maneno mengine, themanini na nne haikuwa sahihi. Nilijua.

Lakini kuna kubwa zaidi, na limenijia nikiwa nanyoa ndevu. Bwana Kitambaa bado ana fimwea ya zamani. Ile inayobembeleza. Tisini na tisa yake haijawahi kuhakikiwa na mtu yeyote. Akisasisha, itasema kweli, na kweli huwa iko chini.

Nimekwenda kwake mchana huu nikamweleza kwamba diski isiyosasishwa ni hatari, hasa kwa mtu anayeandika kitabu. Akasema nitasasisha, mwandishi, kwa sharti kwamba na yako inasasishwa papo hapo kando ya yangu, na mizani isomwe mbele ya watu. Nikamwambia sina cha kuficha. Mkewe amesema atapiga pasi siku moja kabla. Mke wangu, alipopashwa habari, alisema atakuwa dukani na mlango utakuwa umefungwa.

Somo la wiki hii nimelielewa vizuri. Kosa lilikuwa la vibandiko. Nimeandika vipya, kwa kalamu nyekundu, vya boksi langu na vya boksi la jirani, na vyote nimekwisha kuvibandika. Sijajaribu swichi hata moja, maana swichi nazo huchakaa.

Tunaanza Jumamosi, tarehe 20 Juni, saa nne asubuhi.